Bomba la Hewa la Choo Likiacha Kuvuta

(Mazungumzo na wanakisomo waliohitimu)



Leo tunazungumza habari za choo. Tunajua wengine watacheka na wengine watainamisha macho. Si neno. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Choo ni sehemu ya nyumba kama jiko lilivyo sehemu ya nyumba. Jiko likijaa moshi tunasema wazi, "Jamani, jiko hili linatuumiza macho." Basi na choo kikinuka tuseme wazi vilevile, tutafute dawa yake.

Hatutazungumza juu ya kuchimba choo. Somo hilo ni la zamani. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu kama milioni mbili katika Tanzania walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, kisha wakatoka kwenda kusafisha vijiji na kuchimba vyoo. Kazi ile ilikuwa kubwa.

Leo tunashika kitu kimoja tu: bomba la hewa. Siku hizi baadhi ya vyoo vya shimo vijijini vina bomba linalotoka shimoni na kupanda mpaka juu ya paa. Ni jambo jema. Lakini tukipita nyumba kwa nyumba, tunaona nini? Bomba lipo, na harufu ipo. Bomba lipo, na nzi wapo. Mwenye nyumba anasema, "Bomba hili halina kazi. Tulitupa fedha bure." Baada ya muda watoto wanakataa kuingia chooni kwa sababu ya harufu. Wanakwenda nyuma ya migomba. Watu wazima nao wanaanza kuchagua saa za giza waende porini. Choo kimesimama, lakini hakina mtu. Hapo ndipo ilipo hasara yetu, wala si katika bei ya bomba.

Neno letu la leo ni hili: bomba likiacha kuvuta, tusilitupe, wala tusikimbilie dukani kununua jipya. Kwanza tutafute ni wapi hewa imezuiwa. Mara nyingi dawa yake ni ndoo moja ya maji au kipande cha wavu.

KAZI MBILI ZA BOMBA

Mtu asiyejua kitu kinavyofanya kazi hawezi kujua kwa nini kimeacha kufanya kazi. Kwa hiyo tuanze hapo.

Kazi ya kwanza ya bomba ni kutoa harufu. Upepo unapopita juu ya mdomo wa bomba, unavuta hewa iliyo ndani yake. Hewa hiyo ikitoka, nyingine inapanda kutoka shimoni kushika nafasi yake. Shimo nalo linavuta hewa ya ndani ya nyumba ya choo kupitia tundu la choo. Na nyumba ya choo inavuta hewa ya nje kupitia uwazi ulioachwa juu ya mlango. Kwa hiyo ni safari moja. Hewa safi inaingia juu ya mlango, inashuka tunduni, inapita shimoni, inapanda na bomba, inatokea juu ya paa ikiwa imebeba harufu. Jua linasaidia pia. Bomba likipata joto, hewa iliyo ndani inakuwa nyepesi na kupanda. Lakini upepo ndio wenye kazi kubwa.

Kuna anayebisha? Hebu tufanye jaribio. Chukua gilasi ya maji na mirija miwili ya kunywea soda. Mrija mmoja usimamishe ndani ya maji, kichwa chake kitokeze kidogo tu juu ya maji. Mrija wa pili ulaze, mdomo wake uguse ukingo wa kichwa cha ule uliosimama. Sasa puliza kwa nguvu. Utaona maji yanapanda ndani ya mrija uliosimama, pengine hata yanaruka nje kama manyunyu. Hukuyavuta kwa mdomo. Yamepandishwa na pumzi iliyopita juu yake. Ndivyo upepo unavyofanya juu ya bomba la choo.

Kazi ya pili ya bomba ni kukamata nzi. Nzi aliye nje anafuata harufu. Harufu inatoka juu ya bomba, basi nzi wengi wanakwenda huko, wanakuta wavu, wanashindwa kuingia. Wachache wanaopita tunduni wanataga mayai shimoni. Watoto wao wakishapata mabawa wanafuata mwanga. Kama ndani ya choo mna giza kidogo, mwanga mkubwa wanaouona kutoka shimoni ni ule wa juu ya bomba. Wanapanda, wanagonga wavu, hawatoki. Wanahangaika pale mpaka wanakufa na kuangukia shimoni.

Hayo si maneno ya kubahatisha. Choo cha namna hii kilibuniwa mwaka 1973 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na mtaalamu Peter Morgan wa Maabara ya Utafiti ya Blair. Baadaye, katika miaka hiyo ya 1970, walichukua vyoo viwili vya shimo. Kimoja kilikuwa na bomba lenye wavu, kingine hakikuwa na bomba. Wakawanasa na kuwahesabu nzi waliotoka tunduni kwa muda wa siku 78. Choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953. Choo chenye bomba na wavu kilitoa nzi 146. Gawanyeni wenyewe kwa siku 78. Choo cha kwanza kilitoa nzi kama 179 kila siku. Cha pili kilitoa kama wawili tu.

Na nzi si mgeni wa kuchekea. Anatua kwenye kinyesi, anajipaka miguuni, kisha anakuja kutua kwenye ugali na kwenye kikombe cha uji wa mtoto. Anaweza kuleta vijidudu vya kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Wapo pia nzi wanaopenda kutua machoni mwa watoto na kueneza trakoma, ugonjwa unaoweza kupofusha. Nzi hao huzaliana hasa katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Sasa mnaona. Harufu ya choo ikiwafukuza watoto kwenda nyuma ya migomba, tunawafuga nzi hao sisi wenyewe.

TUKAGUE BOMBA HATUA KWA HATUA

Ukaguzi huu hauna gharama. Chagueni siku yenye upepo wa kawaida, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Fuateni hatua kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Jaribio la moshi. Chukua kipande cha makumbi ya nazi, au kitambaa kikavu cha pamba, au nyasi zilizofungwa pamoja. Washa, kisha zima ule moto ubaki moshi tu. Kishike kwa koleo au kijiti kirefu juu ya tundu la choo, mlango ukiwa umefungwa. Angalia moshi unakwenda wapi. Usiingize moto wenye ndimi ndani ya choo, na usitupe kijinga cha moto shimoni. Shimoni mna gesi, na mapaa mengine ni ya nyasi.

Moshi ukishuka tunduni, hewa inakwenda vizuri. Kama nzi wapo, kosa ni la wavu au la mwanga. Moshi ukisimama palepale bila kujua njia, kuna mahali pameziba. Moshi ukirudi usoni kwako, hewa inakwenda kinyume. Yaani inashuka na bomba na kutokea tunduni, na harufu yote inakuja ndani.

Hatua ya 2: Tazama mwanga. Funga mlango. Subiri kidogo macho yazoee giza. Kisha chungulia tunduni. Chini ya bomba unatakiwa kuona doa la mwanga. Doa likionekana vizuri, bomba liko wazi. Likiwa hafifu au halipo, bomba limeziba au limepinda.

Kinachoziba bomba mara nyingi ni utando wa buibui. Pengine ni majani, au kiota cha ndege au cha nyigu. Angalieni nyigu kwanza kabla ya kupanda ngazi! Kama ni utando wa buibui, mwageni ndoo moja ya maji kutoka juu ya bomba. Maji yanapita kwenye wavu, yanashuka na kuchukua utando. Fanyeni hivyo mara kwa mara, walau mara moja kila mwaka. Kama ni kiota, fungueni wavu mkitoe kwa mti mrefu.

Hatua ya 3: Panda uangalie mdomo wa bomba. Mtu mmoja apande, mwingine ashike ngazi. Je, wavu upo? Umechanika? Umelika kutu? Umejaa vumbi na nzi waliokufa? Je, mdomo wa bomba uko juu ya paa angalau nusu mita? Bomba fupi linakuwa kwenye kivuli cha upepo. Upepo unaruka paa na kuliacha. Kama paa ni la msonge, bomba lifike angalau usawa wa kilele cha paa. Na je, kuna matawi ya mti yaliyolifunika? Kama yapo, yapunguzeni.

Hapa tuseme jambo moja ambalo mafundi wengi watatubishia. Wengi wanapenda kuvika bomba kofia, au kiungo chenye umbo la herufi T, ili mvua isiingie. Kofia hiyo inapunguza uvutaji wa bomba, na pia inaziba mwanga unaowaita nzi. Mvua inayoingia kwenye mdomo wa upana wa inchi sita ni kidogo sana. Haitajaza shimo. Basi vueni kofia, wekeni wavu.

Hatua ya 4: Angalia hewa inapoingilia. Bomba haliwezi kutoa hewa isiyoingia. Nyumba ya choo lazima iwe na uwazi, na ukubwa wa uwazi huo uwe angalau mara tatu ya mdomo wa bomba. Kwa bomba la inchi sita, uwazi juu ya mlango wenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 10 unatosha. Uwazi huo uwe upande unaotoka upepo wa kila siku. Ukiwa upande wa pili, au nyumba ikiwa na uwazi pande mbili, upepo unaweza kuvuta hewa kutoka ndani ya choo na kuifanya ipande kutoka tunduni. Hapo ndipo moshi unaporudi usoni. Dawa yake ni kuziba uwazi wa upande mbaya na kuacha ule unaopokea upepo.

Hatua ya 5: Angalia sakafu na shimo. Kama sakafu ina ufa, au kuna nafasi kati ya bomba na sakafu, hewa na nzi wanapita huko. Zibeni kwa mchanga na saruji. Kama kuna matundu mawili katika shimo moja na bomba ni moja, hewa inaingia tundu hili na kutokea lile. Kila chumba kiwe na sehemu yake ya shimo na bomba lake. Na kama kinyesi kimebakiza nusu mita kufika sakafuni, hakuna bomba litakalosaidia. Shimo limejaa. Ni wakati wa kutafuta shimo jingine.

TUFUNIKE TUNDU AU TUSIFUNIKE?

Swali hili linawachanganya wengi, na si ajabu. Bwana Afya alitufundisha miaka mingi kwamba tundu la choo lifunikwe. Sasa tunaambiwa choo chenye bomba kisifunikwe. Tumsikilize nani?

Maneno yote mawili ni kweli, kila moja mahali pake. Choo kisicho na bomba lazima kifunikwe, na mfuniko ubane sawasawa. Pale hakuna kingine cha kuzuia nzi. Lakini choo chenye bomba zima na wavu mzima kinahitaji hewa ipite tunduni. Ukibana mfuniko, umekata ile safari ya hewa katikati. Bomba linabaki kama mtu aliyezibwa pua.

Kama mnaogopa mtoto mdogo, au hampendi kuona tundu wazi, tengenezeni mfuniko wenye vijiguu vifupi chini yake, ili hewa ipite pembeni. Na wavu ukichanika, rudisheni mfuniko unaobana mpaka siku mtakapoweka wavu mpya. Maana bomba bila wavu ni barabara ya nzi. Wanaingia bila kizuizi, wanazaliana, wanatoka kwa wingi.

Jambo hilohilo lihusu giza. Choo chenye bomba lazima kiwe na paa na mlango unaofungwa, au ukuta uliozunguka kama konokono. Choo kisicho na paa kina mwanga mkubwa ndani. Nzi aliye shimoni ataona mwanga tunduni, atatokea hapo, na wavu wa juu hautamnasa.

KUBADILI WAVU

Kati ya sehemu zote, wavu ndio unaokufa mapema. Unapigwa na jua kwa juu, na kwa chini unaliwa na hewa kali ya shimoni. Kwa hiyo tuchague vizuri tunaponunua.

Wavu wa chuma cha kawaida unaliwa na kutu ndani ya miezi michache. Kitambaa cha chandarua kinaoza kwa jua. Wavu mzuri kupita zote ni wa chuma kisichoshika kutu, au wa alumini. Ule wa madirisha, wa nyuzi zilizopakwa plastiki, unafaa pia na bei yake ni nafuu. Ukiwekwa vizuri unaweza kukaa kama miaka mitano. Matundu ya wavu yasizidi upana wa milimita moja na nusu, yaani karibu na punje ya ulezi. Yakiwa makubwa, nzi wanapenya. Yakiwa madogo mno, hewa inashindwa kupita.

Sasa tufanye kazi. Kwa bomba la inchi sita, fuateni hivi:

1. Funikeni tundu la choo. Kitu kikianguka kisiingie shimoni.

2. Mmoja ashike ngazi, mwingine apande. Anayepanda avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi.

3. Kata waya wa zamani, toa wavu mbovu. Safisha ukingo wa bomba kwa kitambaa.

4. Chungulia ndani ya bomba. Kama kuna uchafu, usukume kwa mti mrefu, kisha mwaga ndoo ya maji.

5. Kata wavu mpya wa mraba, sentimita 30 kila upande. Uweke juu ya mdomo wa bomba, pembe zake zishuke pande zote sawa.

6. Uvute ukaze kama ngozi ya ngoma. Ukilegea, upepo utaupiga na kuuchana.

7. Zungusha waya wa kufungia mara mbili, chini kidogo ya mdomo. Kaza kwa koleo. Ncha ya waya ikunje isichome mtu.

8. Shuka, fungua tundu, rudia jaribio la moshi.

Mkimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Halafu fanyeni jambo ambalo asiyejua kusoma hawezi kulifanya. Chukua kalamu, andika ndani ya mlango wa choo: "Wavu mpya," na tarehe, mwezi na mwaka. Mwakani mtaukagua kabla ya mvua. Hamtahitaji kubishana ni lini uliwekwa. Tumejifunza kuandika kwa ajili ya mambo kama haya, si kwa kutia sahihi peke yake.

KUBADILI BOMBA LENYEWE

Bomba libadilishwe likiwa limepasuka, limevunjika, limepinda hata mwanga haupiti, au ni jembamba mno. Bomba la plastiki likipigwa jua miaka mingi linakauka na kuvunjika kirahisi. Likipakwa rangi linadumu zaidi.

Pimeni kabla ya kununua. Mathalani, kutoka sakafuni mpaka paa linapopita kando ya bomba ni mita 2. Ongeza nusu mita ya juu ya paa. Jumla ni mita 2 na nusu. Bomba la plastiki liwe na upana wa inchi sita. Lile la inchi nne lipo kila duka, na mahali penye upepo mwingi linaweza kusaidia, lakini la inchi sita ndilo la kutumainiwa.

Je, asiye na fedha za plastiki? Yapo mabomba ya kujitengenezea. Fumeni mkeka wa matete, uviringisheni kama jamvi, ufungeni kwa waya, kisha upakeni saruji kwa nje. Au jengeni bomba la matofali pembeni ya choo. Lakini mkumbuke: ukuta usio laini unakwaza hewa, kwa hiyo nafasi ya ndani iwe kubwa zaidi. Bomba la matete liwe angalau sentimita 20 kwa ndani. La matofali liwe la mraba, sentimita 23 kila upande. Mwanzi mmoja hautoshi, hata mkitoboa vifundo vyake vyote. Nafasi yake ni ndogo mno.

Wakati wa kuliweka, bomba lisimame wima, nje ya nyumba ya choo, mahali linapopata jua. Mguu wake uishie chini ya sakafu kidogo tu, usizame ndani ya kinyesi. Zibeni pembeni kwa saruji pasibaki hata ufa. Lifungeni ukutani kwa waya sehemu mbili au tatu. Wavu ufungwe kabla ya kulisimamisha, maana chini ni rahisi kuliko juu ya ngazi.

TUSIDANGANYANE JUU YA MBU

Hapa tuseme kweli. Bomba na wavu vinapunguza harufu na nzi. Mbu ni habari nyingine. Mbu hawavutwi na mwanga kama nzi, na wengi wao watatokea tunduni. Kama shimo lina maji, mbu wanaoeneza matende na mabusha wanaweza kuzaliana humo.

Huko Makunduchi, kisiwani Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yenye maji yalimwagiwa punje nyepesi za polistireni. Punje hizo zikaelea na kufunika maji yote, mbu wakakosa pa kuzaliana. Wananchi nao walipewa dawa ya kumeza. Kabla ya kazi ile karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vijidudu vya ugonjwa. Baada ya miaka michache walibaki wachache sana. Basi kama choo chenu kina maji na mbu ni wengi, mwoneni Bwana Afya au Bibi Afya, msingoje bomba lifanye kazi isiyo yake.

NANI AANGALIE BOMBA?

Katika nyumba nyingi anayefagia choo ni mama au binti. Yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba harufu imezidi na nzi wameongezeka. Lakini ngazi na koleo viko mikononi mwa baba, na baba anasema, "Nitaangalia kesho." Kesho inazaa kesho kutwa. Tunawaomba akina baba: mfagiaji akisema choo kimebadilika, asikilizwe siku ileile. Na akina mama, kupanda ngazi na kukaza waya si kazi ya mwanamume peke yake. Mkiwa wawili mnaweza.

Shule zetu pia zisisahauliwe. Choo cha shule kinatumiwa na watoto wengi kwa siku moja. Kamati ya shule ipange siku ya kukagua mabomba, kila muhula, kama inavyopanga siku ya kufyeka uwanja.

Ndugu wanakisomo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipande cha wavu cha sentimita 30 kinaweza kuwa sababu ya mtoto kuingia chooni au kwenda nyuma ya migomba. Tukitoka hapa, kila mmoja apite nyuma ya nyumba yake, atazame juu ya bomba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Hewa inapita wapi na wapi kutoka juu ya mlango mpaka juu ya bomba?

2. Moshi ukirudi usoni kwako, maana yake nini? Utafanya nini?

3. Ni wakati gani tundu la choo lifunikwe kwa kubana, na ni wakati gani lisibanwe?

4. Hesabu: kutoka sakafuni mpaka paa linapopita kando ya bomba ni mita 2 na sentimita 20. Bomba liwe na urefu gani?

5. Katika kitongoji chenu, mabomba mangapi yana wavu mzima? Hesabuni, mwandike daftarini, msome mbele ya kikundi.